Wiki Nane za Bibi

Chini ya vitenge, kwenye kabati langu, ipo kaunta buku ya kwaya mbili. Nimeichora mistari kwa rula kama rejesta ya mahudhurio, maana nilifundisha shule ya msingi karibu miaka arobaini na mkono haujasahau. Safu ya kwanza ni jina. Ya pili, siku ya kufika. Ya tatu ni dawa na miiko: huyu ana pumu, yule akila karanga midomo inavimba. Ya nne inahusu kukojoa kitandani, na humo naandika alama ninayoijua peke yangu, mtoto asije akaaibika mbele ya wenzake. Ya mwisho niliiongeza Desemba iliyopita: nani atamchukua.

Nina wajukuu kumi na mmoja. Majina yao yananichanganya, hivyo nawaita kwa miji yao: Mbagala Mkubwa, Mbagala Mdogo, Mwanza, Dodoma wa Kwanza hadi wa Tatu. Shule zikifungwa, wote njia yao ni moja, ya kuja kwangu Kilolo.

Watu husema watoto wanakuja kumsalimia bibi. Ni kweli, lakini ipo hesabu nyuma yake, na ni hesabu ya darasa la nne tu. Mwaka wa masomo Tanzania una siku 194. Gawanya kwa tano, unapata wiki thelathini na tisa hivi. Mwaka una wiki hamsini na mbili, kwa hiyo zinabaki kumi na tatu. Punguza moja kwa ajili ya sikukuu zinazoangukia katikati ya wiki, bado kumi na mbili. Sasa mtazame mzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28, tena za mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwa humo humo. Hizo ni wiki nne. Kumi na mbili toa nne. Nane zinazobaki ndizo mimi.

Kila nyumba yenye mtoto wa shule ina hizo wiki nane. Mjini huzijaza kwa dada wa kazi, kwa tuisheni, au kwa televisheni na funguo mfukoni mwa mtoto. Wenzetu wa mbali huzijaza kwa fedha. Hili nililijua vizuri kupitia binti wa mdogo wangu, anayeishi Leeds, Uingereza, ambaye mwaka juzi aliwapeleka wanawe wawili likizo ndani ya meli.

Si meli ya kuvuka kwenda ng'ambo. Ni hizi meli za starehe ambazo watu hulala humo, hula humo, zikiwashusha bandari hii na ile kutalii na kuwarudisha jioni. Mwanzoni mwa 2024 moja yao, Norwegian Dawn, ilifika hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki ikiwa na watalii zaidi ya elfu mbili. Tuliiona kwenye taarifa ya habari, ghorofa juu ya ghorofa, na jirani yangu akauliza wanaoishi mle wanachota wapi maji.

Binti yangu huyo (kwetu mtoto wa mdogo wako ni wako) alinitumia sauti ya dakika kumi na moja kwenye simu. "Mama mkubwa, kule watoto wana klabu yao." Nikamwambia anieleze polepole, nikachukua kalamu.

Watoto wanapokelewa kuanzia miaka mitatu, na sharti la kwanza ni wawe wameshaacha nepi. Wanagawanywa kwa umri: wadogo wa mitatu hadi mitano, wa kati, na wakubwa wa kumi hadi kumi na mbili. Wanaobalehe wana chumba chao, kwa sababu hakuna anayewaweza. Siku ya kwanza mzazi anaandikisha: jina, umri, dawa, chakula kisichomfaa. Mtoto anafungwa bangili mkononi. Wapo walezi waliosomea kazi hiyo, na ipo ratiba ya kuchora, kupika biskuti, kuigiza, kutafuta hazina iliyofichwa. Mchana hulipii zaidi, kwani imo kwenye nauli. Ikipita saa nne usiku, meli nyingi hutoza kwa saa. Na mtoto hatoki mlangoni mpaka mzazi asaini, au ataje neno la siri waliloandikishana. Kila kampuni ina jina lake la klabu. Ya Norwegian inaitwa Splash Academy, ya Disney inaitwa Oceaneer Club, lakini kazi ni moja.

Nilipomaliza kuandika nilicheka peke yangu jikoni. Vyote hivyo ninavyo, isipokuwa bangili na neno la siri.

Bangili ilinichoma moyo, kwa sababu ya jambo lililotupata Desemba moja. Mbagala Mkubwa alikuwa na miaka kumi na miwili na mdogo wake minane. Baba yao aliwapandisha basi alfajiri, akamkabidhi kondakta, akampa na hela ya soda kama ilivyo desturi. Mchana basi likasimama kwenye kituo kimoja cha chakula njiani. Mdogo akaenda chooni, foleni ikawa ndefu. Dada yake alikuwa amelala, kichwa kimeegemea dirisha, na basi likaondoka. Alizinduka walipokuwa wanaukwea mlima Kitonga, zile kona zinapoanza kukutupa huku na huku, akanyoosha mkono kiti cha pembeni akagusa mfuko wa chipsi. Alipopiga kelele, dereva hakuweza kugeuza. Kitonga hugeuzi. Ikabidi wamalize mlima ndipo wapige simu. Mama muuza ndizi alikuwa ameshamkalisha mtoto kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakula mahindi, analia na kula. Basi lililofuata likamleta. Saa zile tatu sitazisahau.

Tangu siku ile kila mjukuu anayesafiri kuja kwangu anafungwa mkononi kipande cha kitenge kimoja, chekundu chenye korosho nyeupe, nilichokata na kuwagawia wazazi wote. Namba yangu ya simu imeandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kiwiko kwa ndani. Nilifikiri nimebuni kitu kikubwa. Kumbe watu wa melini walishanitangulia.

Sasa nije kwenye kalenda, maana ndiyo inayopanga nauli kuliko mafuta. Shule zetu hufungwa pamoja nchi nzima: mwanzoni mwa Juni, kisha mwanzoni mwa Desemba, ukiacha mapumziko mafupi ya katikati. Kwa hiyo wiki moja ya Desemba watoto wote wanataka kiti, na wazazi wao wanataka kiti cha Krismasi. Wachaga wana sifa yao ya kurudi Moshi. Sisi Wahehe tunarudi kimyakimya, lakini ukifika stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis utatuona. LATRA huweka kikomo cha nauli, na Desemba hutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada, lakini kikomo ni cha karatasi na mtoto yuko stendi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, wanangu wanapendelea kuwapakia watoto jioni, eti joto linapungua. Nimekataa. Mtoto asafiri jua linamwona.

Nchi nyingine zimelitatua hili kwa ujanja. Ujerumani majimbo yake 16 hayafungi shule siku moja wakati wa kiangazi. Hupokezana, na Bavaria huwa ya mwisho. Ufaransa imejigawa kanda tatu kwa likizo za majira ya baridi na za masika, ili barabara na hoteli zisifurike siku moja. Ningekuwa na pa kupeleka maombi, ningeomba Nyanda za Juu Kusini tufunge wiki moja kabla ya Dar es Salaam. Mitihani ya taifa najua haitaki, ila kuomba si kosa.

Uingereza hawana huruma hata kidogo. Bei ya meli zile hupanda likizo za shule, kiangazi na Krismasi, hata mzazi akaona bora amtoe mtoto darasani wiki moja asafiri kwa bei nafuu. Ukifanya hivyo bila ruhusa unapigwa faini. Tangu Agosti 2024 ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na ukichelewa kupita siku 21 inakuwa 160. Baba mmoja wa kisiwa cha Wight, Jon Platt, alimpeleka bintiye Florida mwaka 2015, akagoma kulipa faini ya pauni 120, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 2017 akashindwa. Mimi kama mwalimu nasimama na mahakama. Mimi kama bibi sisemi.

Kinachoniuma ni kwamba wajukuu wa Leeds na wa hapa hawakutani. Juni wa kwetu wanapofunga, wa kule wako darasani. Wa kule wakifunga mwishoni mwa Julai, wetu wamesharudi shule wiki kadhaa. Dada yangu aliyeolewa Nairobi ana wajukuu wanaosoma kwa mihula mitatu, kwa hiyo wao wana Agosti, na ndio waliobahatika kuwaona wale wa Uingereza. Sisi tunabaki na dirisha moja tu, wiki mbili za Krismasi, ambazo ndizo tiketi ya ndege ina bei kubwa kuliko siku zote za mwaka.

Mwaka jana wakaja. Watoto wawili wenye bangili za meli ambazo hawakutaka kuzivua mwaka mzima, zimepauka hazisomeki. Siku ya kwanza mdogo aliniuliza, "Bibi, programu ya leo ni ipi?" Mama yake akatafsiri kwa aibu. Nikamwambia programu ipo. Saa moja, uji. Saa mbili, tunapalilia mahindi, kwa sababu Desemba kwetu mvua imeshaanza na palizi haimsubiri mgeni. Saa nne, kumenya njegere. Baada ya hapo mtoni, na asiyejua kuogelea anakaa juu ya jiwe kubwa, bila mjadala.

Wiki ya kwanza walilalamika. Wiki ya pili walikuwa wanagombania jembe dogo. Sitaki kudanganya kwamba shamba linashinda meli. Wale watoto walisema wazi kwamba melini kulikuwa na aiskrimu bila kikomo. Ila melini walikuwa na watoto mia wasiowajua, na hapa kila waliyekutana naye njiani aliwapa "Kamwene" na kuwauliza wao ni wa nani, mpaka mkubwa akajua kujibu kwa Kihehe. Mambo mengine ya Kilolo ni ya kuangalia: jiko la mkaa haliingii chumba cha kulala hata Juni baridi ikiuma, na kibuyu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kinawekwa juu kabisa, maana ukiwa mbichi ni mtamu kama juisi na mtoto hajui kesho utakuwaje.

Kuna watu huniambia serikali iwasaidie wazazi. Inasaidia kwa kiasi: mtumishi wa umma hulipiwa nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili, yeye, mwenza wake na watoto wasiozidi wanne. Mwaka wa zamu ya mwanangu wa Mwanza ndio ninaomwona. Lakini sisi tuliosoma bweni miaka ya sabini tulizoea makubwa zaidi. Nilisoma Loleza, Mbeya. Siku ya kufunga tulipanga mstari, mwalimu anaita jina, unapewa waranti, karatasi ya kuonyesha kwenye basi, na serikali inalipa. Niliikunja yangu ndani ya Biblia isilowane. Hapakuwa na kondakta wa kuhongwa soda, kwa sababu basi zima lilikuwa wasichana wa shule na tulijihesabu wenyewe kila kituo.

Nikitaka wajukuu zangu waonje meli, ya karibu ni MV Mbeya II ya Ziwa Nyasa, inayobeba abiria 200 na mizigo tani 200. Klabu haina. Mbagala Mkubwa ameshasema atakuwa mlezi, mradi apewe filimbi.

Na neno la siri nimelianzisha. Desemba iliyopita tulikaa jikoni wote, tukapiga kura, likapita neno moja ambalo siwezi kuliandika gazetini. Nikawaambia: hatoki mtu hapa mpaka anayemchukua alitaje, na mimi nisaini safu ya mwisho. Januari, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, mwanangu wa Mbagala akafika na gari la kuazima, amechoka, ametapakaa tope tangu Ipogolo. Mbagala Mdogo akamsimamia mlangoni na kaunta buku kwapani.

"Shikamoo baba. Neno la siri?"

Baba akacheka. Mtoto hakucheka. Baba akasema, "Mimi ni baba yako." Mtoto akafungua ukurasa, akatazama, akasema hilo silo. Akajaribu viazi, akajaribu Kitonga, akajaribu jina langu la usichana. Mvua ikaanza. Mimi nilikuwa ndani nabandika chai, na sikutoka.