Gari la Kufika Nyumbani Mvua Ikinyesha

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, safari ya nje ya lami huwa ni safari ya kwenda nyumbani. Mwalimu anayefundisha Rongo, muuguzi wa mjini Homa Bay au mfanyabiashara wa Isebania hushinda juma zima kwenye lami, kisha Ijumaa jioni au Jumamosi alfajiri anakata kona na kuingia changarawe kuelekea dala, yaani nyumbani kijijini. Kuna mazishi, kuna shamba la mahindi, kuna mama wa kupelekwa kliniki. Safari kama hiyo haiahirishwi eti kwa sababu mvua ya Aprili imenyesha usiku kucha. Kwa hiyo swali la gari lipi la 4x4 lililotumika linafaa huku si dogo, na naona wanunuzi wengi hulijibu vibaya. Hutazama jina lililo kwenye boneti na ukubwa wa bodi, ilhali gari litakalowafikisha hujulikana kwa mambo ambayo picha ya tangazo haiyaonyeshi: uzito wake, gia yake ya chini, na hali ya vyuma vilivyo tumboni mwake. Hoja yangu ni kwamba, kwa pesa zilezile, gari la wastani, jepesi, lenye gia ya chini na tairi nzuri, litamfaa mkazi wa huku kuliko gari kubwa la heshima lililochoka, na pia kuliko gari la kisasa ambalo 4x4 yake inaishia kwenye maandishi ya mlango wa nyuma.

Tuanze na ardhi, maana ndiyo inayoamua. Barabara kuu ya A1 kutoka Isebania kupitia Migori, Awendo na Rongo hadi Kisii haihitaji 4x4 hata kidogo, wala haihitajiki kutoka Rongo kwenda Homa Bay. Ukitoka hapo, kuna udongo wa aina mbili ambao hautaki gari la aina moja. Sakafu ya bonde la Lambwe, ilipo Mbuga ya Taifa ya Ruma, ni udongo mweusi wa mfinyanzi, na nyanda za chini za Nyatike, Mto Kuja unapokaribia ziwa, hufurika na kubaki matope. Udongo huo mweusi ukikauka hupasuka mianya ya kuingiza kiganja. Ukilowa huvimba, huteleza kama sabuni na kuganda kwenye tairi mpaka meno yote ya mpira yanajaa na tairi linazunguka kama limevishwa soksi. Vilima vya Gwassi na Gembe vina shida nyingine: mawe, miteremko mikali, na mifereji iliyochimbwa na maji katikati ya njia. Katikati kuna ukanda wa miwa wa Awendo na Ndhiwa, ambako trekta na malori ya miwa huacha makorongo mawili marefu njiani, yenye kina cha kutosha kulaza gari la chini juu ya tumbo lake. Gari la mkazi wa huku linakutana na haya yote, wakati mwingine kwa siku moja.

Neno 4x4 limefunika mitambo mitatu tofauti. Wa kwanza ni ule wa Suzuki Jimny na pikapu nyingi: gari huvuta kwa magurudumu ya nyuma, na dereva anapotaka huunganisha ya mbele. Mtambo huo ni mgumu na rahisi kutengeneza, lakini hauna difu ya kati, kwa hiyo ukiuacha umeunganishwa kwenye lami kavu shafti hukazana na vyuma vikaumia. Wa pili, wa Toyota Prado na Suzuki Escudo ya kizazi kilichoanza 2005, huzungusha magurudumu yote manne wakati wote kupitia difu ya kati ambayo dereva anaweza kuifunga. Wa tatu ndio wa Nissan X-Trail, RAV4, Mazda CX-5 na Harrier: gari ni la kuvuta kwa mbele, na kompyuta hubana klachi ndogo kupeleka nguvu nyuma pale magurudumu ya mbele yanapoteleza. Kwenye changarawe iliyolowa, au kupanda mlango wa boma wenye utelezi, mtambo huu unatosha kabisa. Kwenye nusu kilomita ya tope zito klachi ile hupata moto, na mara nyingi kompyuta huikata ili isiungue, wakati ule hasa unapoihitaji. Subaru Forester iko kando kidogo, kwa kuwa huvuta kwa manne daima na tumbo lake liko juu vizuri, lakini zile za gia za otomatiki hazina gia ya chini.

Gia hiyo ya chini, ile inayoandikwa 4L, ndiyo watu huidharau zaidi. Kazi yake ni kuzidisha nguvu ya injini magurudumuni, takriban mara mbili kwenye Escudo na Jimny na zaidi ya mara mbili na nusu kwenye Prado, huku gari likitambaa polepole kuliko mwendo wa mtu. Faida yake kubwa iko kwenye kushuka. Ukiteremka Gwassi njia ikiwa imelowa, ukakanyaga breki, magurudumu hukaza na gari linateleza lenyewe. Ukiwa kwenye 4L injini ndiyo inayolishikilia na mguu wako unapumzika. Mawe nayo hupandwa taratibu, bila kugonga. Gari lisilo na 4L hulazimika kuyarukia, na kila mruko una bei yake kwenye bushi na shokomzoba.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na Shirika la Viwango la KEBS hutaka likaguliwe kabla ya kusafirishwa. Sheria hiyo ina maana yake, ila imegeuza soko. Magari ya umri huo ambayo mtu wa kipato cha kawaida anayamudu kutoka Japani karibu yote ni ya ule mtambo wa tatu. Escudo niliyoitaja haitengenezwi tena na umri umeipita. Jimny mpya na Prado bei yake iko juu. Kwa hiyo anayetaka gia ya chini kwa bei ya wastani atanunua hapahapa nchini, gari la namba ya KB au KC lililokwisha kula mashimo ya Kenya, na ukaguzi wake lazima uwe mkali maradufu. Anayeamua kuagiza naye ana mtego wake: magari mengi yanayofanana na 4x4 hayavuti nyuma kabisa. X-Trail yenye msimbo wa NT32 ni ya magurudumu manne, ila ile ya T32 bila N mbele ni ya mawili. Harrier ya ZSU65 ni ya manne, ZSU60 ni ya mawili. Bodi ni ileile, viti ni vilevile. Msimbo huo umeandikwa kwenye kibati cha gari, na ukiinama nyuma ukakosa kuona difu, umeshapata jibu.

Turudi kwenye uzito. Mhandisi anaweza kunipinga kwamba gari zito lina tairi pana, basi mgandamizo wake ardhini haupishani sana na wa gari jepesi. Ana haki kiasi: mgandamizo chini ya tairi hukaribiana na upepo uliojazwa ndani yake. Lakini gari jepesi hubebwa na upepo mdogo zaidi. Kwenye mfinyanzi uliolowa kabisa, mshiko hutokana na eneo la mpira linalogusa udongo, na kuongeza uzito hakuongezi mshiko kama kwenye lami. Ukishusha tairi kutoka psi 30 hadi 20 hivi, nyayo zake hurefuka na gari linapita pale lilipokuwa linazama, mradi urudishe upepo kwa pampu ndogo kabla ya kukimbia tena. Halafu kuna hesabu ya kukwama, maana kila gari hukwama siku moja. Jimny ina kilo 1,100 hivi, Escudo kama tani 1.6, Prado ikiwa na abiria na mizigo hupita tani mbili na nusu. La kwanza vijana wanne wa kijiji hulisukuma. La mwisho linasubiri trekta, na trekta ya Jumamosi jioni ina bei yake.

Watetezi wa Prado watasema spea zake zinapatikana kila mahali na haiuzwi kwa hasara. Ni kweli, na kwa familia ya watu saba au anayevuta trela sitabishana naye. Tatizo ni Prado ipi inayopatikana kwa bei ya Escudo nzuri. Mara nyingi ni ya zamani yenye injini ya dizeli ya lita 3.0, ambayo nozeli zake zikichoka hugharimu pesa za kumtoa mtu jasho, na zikipuuzwa hutoboa pistoni. Zile za dizeli ya lita 2.8 zilizoanza 2015 zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na kichujio hicho hujisafisha kwa mwendo mrefu wenye joto. Gari la kwenda soko na kurudi mjini Homa Bay halipati joto hilo, masizi hujaa, taa huwaka, injini hupungua nguvu. CX-5 ya dizeli ina hadithi hiyohiyo. Kwa mtu wa safari fupi za mjini, petroli ni salama zaidi, hata kama inakunywa. Na Escudo inakunywa kweli, kwa sababu inazungusha manne muda wote. Ni gharama ya kila wiki ambayo mnunuzi aijue kabla ya kulipa.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la Toyota Probox. Gari hilo, ambalo kwa kawaida ni la kuvuta mbele tu, hubeba abiria, magunia na samaki mpaka vijiji ambavyo wenye 4x4 husita kuingia. Basi 4x4 ya nini? Probox inaunga mkono hoja yangu: ina kama tani moja tu, tairi zake ni nyembamba, spea ni rahisi, na dereva wake anaijua njia kila jiwe. Lakini dereva huyohuyo hujua siku ya kutokwenda. Mvua ikipiga Nyatike, hungoja jua au hushusha abiria barabarani wamalizie kwa bodaboda. Mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kungoja jua, na tofauti ya bei kati ya magari hayo mawili ndiyo inayonunua saa hizo. Yule anayefika kijijini mara mbili kwa mwaka, Desemba na Pasaka, akodishe tu. Sioni sababu ya yeye kulisha gari la 4x4 miezi kumi na miwili.

Sasa ukaguzi. Fundi alipandishe gari juu kabla hujazungumza bei. Afungue nati ya difu na ya gia boksi ya pili: oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yaliingia wakati gari linavuka mto, na bearingi ndani zimeanza kuliwa. Apitishe kidole ndani ya chesisi, hasa karibu na magurudumu ya nyuma. Magari yaliyoishi kaskazini mwa Japani hupita kwenye barabara zilizonyunyizwa chumvi ya theluji, na kutu yake huanzia kwa ndani, rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Ahakikishe propela shafti ipo, kwani kuna mafundi huiondoa ili kuokoa mafuta na gari linauzwa bado likiitwa 4x4. Inua kapeti la buti na uchunguze pale tairi la akiba linapokaa: matope laini yaliyokauka pembeni ni alama ya mafuriko. Kisha lijaribu kwenye changarawe, si kwenye lami. Ingiza 4L, sikiliza, kata usukani hadi mwisho, sikiliza tena. Mlio wa ka-ka-ka magurudumu yakikatwa ni wa CV joint zilizokwisha. Umiliki uthibitishe kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, na jina la mwenye gari lilingane na la anayepokea pesa.

Mwishowe, usitumie pesa zote kununua gari. Tenga sehemu ya tairi tangu mwanzo, maana tairi za barabara laini zinazokuja na magari mengi hujaa mfinyanzi kwa mzunguko mmoja, na X-Trail yenye tairi nzuri za njia zote itaiacha Prado yenye vipara kwenye njia ya Lambwe. Soma tarakimu nne zilizo ubavuni: 3219 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2019, na mpira uliopita miaka sita hivi umeshaanza kukauka hata kama meno yake bado ni marefu. Ongeza minyororo ya tairi, kamba imara ya kuvutia, koleo na pampu. Muuzaji akikataa gari lipandishwe juu, au akisema fundi wako atachelewesha mnunuzi mwingine, mwachie huyo mnunuzi mwingine.