Askofu Aliyetaka Aeleweke

Leo twaweka kando hesabu ya duka, tumzungumze Mwafrika mmoja aliyeandika kwa Kilatini zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Jina lake Augustino, askofu wa Hippo. Mwenye ramani na atazame juu kabisa, pwani ya kaskazini ya Afrika. Mji huo leo huitwa Annaba, nao umo katika nchi ya Algeria.

Alizaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, bara ya huko huko. Nchi ile ilitawaliwa na Warumi, na Kilatini kilikuwa lugha ya serikali. Lugha hiyo aliipata nyumbani, kwa walezi waliocheka na kucheza naye. Kiyunani alifundishwa shuleni kwa fimbo, akakichukia. Haya ameyaeleza mwenyewe katika kitabu chake kiitwacho Maungamo. Mimi mwalimu, kila nikumbukapo habari hiyo ya fimbo, huona haya kidogo.

Alipokua akawa mwalimu wa ufasaha, yaani kufundisha vijana kusema vizuri mbele za watu. Mwaka 384 alipewa kazi hiyo Milano, katika Italia. Huko alimwona askofu Ambrosi akisoma kwa macho tu, midomo imefungwa, sauti haisikiki. Jambo hilo lilimshangaza hata akaliandika, kwa kuwa watu wengi wa siku zile walizoea kusoma kwa sauti. Basi wewe unayesoma kwa kunong'ona, usione aibu.

Alibatizwa mwaka 387, akarudi Afrika, na yapata mwaka 395 akawa askofu. Sasa waliomsikiliza hawakuwa wanafunzi wa ufasaha. Wengi hawakujua kusoma, na wa mashambani wengine walisema Kipuniki, lugha ya zamani ya nchi ile. Ule ufasaha aliousomea ungewapita juu ya vichwa vyao.

Tazama alivyofanya. Katika Kilatini neno la mdomo na neno la mfupa huandikwa sawasawa. Warumi wenyewe waliyatenga kwa kuvuta sauti, lakini masikio ya watu wa Afrika hayakuzoea kuipambanua. Ni kama sisi tusemapo "paa": mnyama au la nyumba? Augustino akachagua kutumia neno la mitaani la mfupa, ambalo wanazuoni wa sarufi walilihesabu kuwa kosa. Aliona afadhali alaumiwe na wanazuoni kuliko watu wasielewe.

Tena alitunga wimbo wa kufundisha, juu ya ugomvi uliogawanya kanisa la Afrika wakati ule. Kila ubeti ulianza kwa herufi yake, kwa taratibu, toka A mpaka V, watu wapate kuukariri. Mizani ya washairi wakubwa aliiacha makusudi, isije ikamlazimisha kutia maneno ambayo watu hawayajui. (Katika ugomvi huo, mwishowe alikubali serikali itumie nguvu kuwashurutisha wapinzani wake. Kwa maoni yangu hapo alikosea.)

Sasa niwaambie habari ya barua moja. Mwaka 1981 msomi wa Austria, Johannes Divjak, alichapisha barua karibu 30 zilizokuwa hazijulikani, baada ya kuzikuta katika vitabu vya kale vya mkono. Moja aliandikiwa Alypius, rafiki wa Augustino aliyekuwa Italia. Inasema kwamba wafanyabiashara wa watumwa wanawanyakua watu huru mashambani, usiku, na kuwapakia melini. Wakristo wa Hippo waliposikia walikwenda wakawatoa watu wapatao 120, wengine ndani ya meli, wengine mahali walipofichwa. Augustino mwenyewe hakuwapo siku hiyo. Lakini wale wafanyabiashara walikuwa na wakubwa wa kuwatetea, wakawa wanadai warudishiwe "mali" yao.

Basi Augustino anamwomba rafiki yake ashughulikie sheria ya kuwazuia itangazwe Afrika. Iko sheria moja anayoijua, lakini adhabu yake ni mijeledi yenye vipande vya risasi, nayo huua. Hiyo adhabu haitaki. Hakuandika utumwa wenyewe ufutwe, nami sitamsifu kwa neno asilolisema. Lakini barua yenyewe ni ya kazi: nani kafanya nini, wapi, watu wangapi, na nini kinatakiwa.

Alipozeeka, yapata mwaka 426, alianza kuvisoma upya vitabu vyake, akaandika kingine cha kuonyesha makosa yake mwenyewe. Alipitia maandishi 93. Hotuba na barua hakuwahi. Alifariki tarehe 28 Agosti, 430, jeshi la Wavandali limeuzunguka mji.

Kazi ya juma hili: andika barua ya mistari minane kwa mkubwa yeyote, juu ya jambo moja linalowasumbua hapo mlipo. Taja nani, wapi, wangapi, na mnachotaka. Kisha msomee jirani asiyehudhuria darasa. Kila atakapouliza "Unasemaje?" tia alama, uandike tena mahali hapo. Leteni barua zote mbili, ya kwanza na ya pili.