Mcheza Ugenini Hutunzwa na Nani?

Wahenga wamesema mcheza kwao hutunzwa. Sisi wa pwani hatuhitaji kufasiriwa methali hii. Katika harusi ya Lamu au Mombasa, mchezaji akishapendeza, utamwona shangazi akinyanyuka kitini na noti mkononi kwenda kumtunza mbele za watu. Anayetunza humjua yule binti, humjua mamake na mtaa aliotoka. Lakini wahenga hawakutuambia habari za mcheza ugenini. Je, huyo hutunzwa na nani?

Swali hili, ndugu msomaji, linatokana na mchezo ambao wengi wetu huuhesabu kuwa wa watu wengine, yaani tenisi. Na mahali pazuri pa kulitazama ni bara, Meru na Embu, ambako wengi wetu tuna ndugu na jamaa katika mitaa ya Majengo. Ukitaja mpira huko Meru, fikra za watu huenda Kinoru. Ukiutaja Embu, huenda katika Uwanja wa Moi. Mpira ni wa miguu, basi. Tenisi hujulikana kwa televisheni, na viwanja vyake nchini kwetu aghalabu vimo ndani ya vilabu na mahoteli, nyuma ya lango lenye askari. Hata Mombasa hali si mbali na hiyo.

La ajabu ni kuwa kijana wa Meru au Embu anayekwenda kuishi Uingereza huweza kuingia katika mashindano makubwa ya tenisi kwa wepesi kuliko anavyoweza kuingia katika kilabu cha kwao. Tuseme ni muuguzi wa Embu, mmoja wa wale waliovuka bahari kutafuta kazi katika hospitali za Kiingereza. Wimbledon, mashindano yaliyoanza mwaka 1877, bado huuza tikiti siku ile ile kwa watu waliopanga foleni. Wengine hulala katika mahema bustanini. Kila mmoja hupewa kadi yenye nambari, na nambari hiyo haimwulizi mtu jina la babake wala kilabu chake. Mwenye subira huingia. Tikiti ya kuzungukia viwanja vya pembeni humtosha, na huko ndiko chipukizi huchezea mechi zao nyingi.

Akishaingia, kitu cha kwanza kumshangaza ni kimya. Aliyezoea Kinoru amezoea tarumbeta na makelele tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa maelfu ya watu hunyamaza mpira unapoanzishwa, na mlinzi humzuia mtu hata kwenda kitini pake mpaka wachezaji wabadilishe upande. Mpwani hatashangaa sana, kwani taarab ya zamani nayo ilikuwa na adabu yake: mtu husikiliza ubeti hadi ukatimia, ndipo akanyanyuka kwenda kutunza. Tenisi ni hivyo hivyo. Pointi ikiisha, makofi.

Wala Mwislamu asidhani kuwa ataponzwa na sala. Msikiti wa Wimbledon uko Durnsford Road, mtaa wa jirani na viwanja vyenyewe, na jua la Julai huko halitui mpaka baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo nafasi ni tele. Vileo huuzwa, ni kweli, lakini mtu haruhusiwi tu bali huzoeleka kuingia na chakula chake. Mwenye mahamri atakula mahamri, mwenye mukimo atakula mukimo, na anayetaka kuonja vya wenyeji kuna stroberi na malai.

Sasa turudi kwenye kutunza. Januari 2022 binti wa Kenya, Angella Okutoyi, aliyelelewa na nyanya yake Nairobi baada ya kufiwa na mama, aliingia katika mashindano ya chipukizi ya Australia, mjini Melbourne. Alimshinda Federica Urgesi wa Italia kwa seti tatu, akawa Mkenya wa kwanza kushinda mechi ya mchezaji mmoja mmoja katika mashindano makuu ya chipukizi. Raundi ya pili akamtoa Zara Larke, mwenyeji wa Australia. Fikiri, msomaji, ni mzigo gani kucheza na mwenyeji mbele ya wenyeji wake! Hapo ndipo Mkenya aishiye ugenini anapopata kazi yake. Sauti moja inayolitamka jina lako sawasawa, kama linavyotamkwa kwenu, ni tunzo kubwa kuliko noti.

Julai mwaka huo huo Okutoyi alikuwa Wimbledon, akicheza wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Fainali ilikuwa dhidi ya Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, na ile ya mkato wakaipata kwa 11-9. Hakuna Mkenya mwingine aliyewahi kutwaa kombe katika mashindano hayo makuu. Na yule Mboko wa upande wa pili wa wavu? Wazazi wake ni wahamiaji kutoka Kongo. Mwaka 2025 alitwaa ubingwa wa Kanada mjini Montreal kwa kumshinda Naomi Osaka. Mkongo aliyekuwa London siku ile ya fainali angemtunza nani? Bendera ya Kanada, lakini damu ya kwao.

Mwisho wa juma hilo hilo palikuwa na jambo jingine. Tarehe 9 Julai 2022 ilikuwa sikukuu ya Idd el-Hajj, na siku hiyo Ons Jabeur wa Tunisia, ambaye kwao humwita Waziri wa Furaha, alicheza fainali ya wanawake. Hakuna mwanamke wa Kiafrika wala wa Kiarabu aliyewahi kufika hapo katika zama hizi za wachezaji wa kulipwa. Alishinda seti ya kwanza, kisha akazidiwa na Elena Rybakina wa Kazakhstan. Ilikuwa Idd ya machozi kidogo, lakini waliomtunza hawakuwa Watunisia peke yao.

Wameru katika masimulizi yao husema asili yao ni Mbwaa, kisiwa cha pwani, na kwamba walihama usiku kuukimbia utumwa mpaka wakafika mlimani. Kwa hiyo ugeni si jambo geni kwao, wala kwetu sisi tulio na jamaa Maskati, Dubai na London. Mtu akiwa mbali hujikusanyia ukoo kwa kila alichonacho: msikiti, chakula, na siku nyingine mchezaji mwenye bendera yake. Huo ndio ukoo anaokwenda kuutafuta uwanjani, hata kama hajui raketi hushikwaje.

Lakini tusijidanganye. Methali yasema mcheza kwao, haisemi mcheza Wimbledon. Juni 2023 Okutoyi alicheza Nairobi katika mashindano ya mataifa ya Afrika ya Kombe la Billie Jean King, na Machi 2024 alitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Toka Embu hadi Nairobi ni kiasi cha kilomita 130, safari ya asubuhi moja kwa matatu. Anayesifiwa na wageni huko ng'ambo anastahili kuona nyuso za kwao akirudi.

Na wale watoto wa Majengo ya Meru, Majengo ya Embu na mitaa yetu ya pwani wanastahili ukuta wa kupigia mpira na uwanja usio na askari langoni. Foleni ya London huwapa kadi ya nambari watu wasiojulikana. Sisi tunaojuana kwa ukoo na mtaa tunawapa nini watoto wetu? Tukiwapa pa kuchezea, kutunza tunakujua tangu zamani.