Mpini wa Mfupa: Ung'arishe Kejani Bila Kuumiza Mapafu

Wasee wa Mashuuru hawawezi kosa mifupa. Ukame wa 2020 hadi 2022 ulimaliza ng'ombe Kajiado vibaya, mizoga ikajaa nyikani. Sasa msee akiona mfupa wa bure, mkavu na mweupe tayari, anawaza mpini wa kisu ama simi. Hapo ndio ngori huanzia.

Mnyama aliyejifia huwezi jua alikufa na nini. Kama ni kimeta, vijidudu vyake hujifunga kwa ganda gumu na kukaa miaka mingi kwa udongo na kwa mfupa. Ukipiga msasa, unavirusha hewani halafu unavivuta. Kwa hivyo ya nyikani acha hapo hapo. Ya twiga ama ndovu ndio usiguse kabisa, juu sheria ya wanyamapori ya 2013 inahesabu hata mfupa kuwa nyara. Nenda buchari ya Kitengela uitishe mfupa wa mguu wa ng'ombe aliyekaguliwa. Mafundi wa Kibera wanaochonga bangili hutumia mifupa ya ng'ombe hao hao wa kichinjio.

Toa nyama na uboho, chemsha kwa moto mdogo, kisha loweka kwa maji ya sabuni ya vyombo siku kadhaa ukibadilisha maji. Mafuta yakibaki, mpini utageuka manjano na kunuka. Usitokose kwa moto mkali, na Jik weka mbali: inakula protini inayoshikilia mfupa, unabaki na kitu cha kuvunjika kama chaki. Kauka iwe kwa kivuli.

Vumbi sasa. Hii ni laini mbaya, na kale kabarakoa ka kitambaa hakasaidii. Vaa N95 na miwani, fanyia kazi nje upepo ukitoka mgongoni, mbali na watoto na sufuria za chakula. Afadhali zaidi, piga msasa ukiwa umelowa maji, vumbi ligeuke tope. Anza namba 120, panda 240, 400, 600, malizia 1000. Usiruke namba, mikwaruzo itakuchoma ukishaanza kung'arisha.

Ukitumia mashine, funga makali ya kisu kwa kadibodi na tepu kwanza, juu gurudumu likinasa kisu linakirusha kama mshale. Glavu toa. Shuka nayo, maze, hata kama umependeza aje, ivue. Ikishikwa na gurudumu inakuvuta nayo. Ukisikia harufu ya nywele zinazoungua, mfupa umepata moto na utapasuka. Simama, uache upoe.

Mwisho paka nta ya nyuki kidogo, sugua na kitambaa cha pamba. Hicho kisu usikiache kwa maji ya vyombo usiku kucha.