Kibuyu cha Mundu Mue Mbele ya Hakimu

Katiba ya Kenya ya 2010 haina dini ya taifa. Kifungu cha 8 kinalisema hilo waziwazi, na Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu, peke yake au na wenzake, faraghani au hadharani. Hakuna sheria inayomkataza mzee wa Nuu, huko Ukambani, kwenda ithembo, mahali patakatifu pa Wakamba, kuomba mvua, wala inayowakataza akina mama kupiga ngoma ya kilumi. Dini za wachache hubanwa kwingine: kwenye sheria za uchawi, za usajili wa vyama na za afya, ambazo mara nyingi zilitungwa bila mtu yeyote kuwafikiria wazee hao.

Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ni ya mwaka 1925. Inamwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za ajabu kwa namna ya kuwatia watu hofu, na anayekutwa na hirizi au vifaa vya uchawi kwa nia hiyo. Sasa mtazame mundu mue, mganga na mpiga ramli wa Wakamba. Ana kibuyu cha mbegu, ambazo huzimwaga na kuzihesabu, na upinde ambao huupiga uzi wake kwa kijiti akiita majibu ya mizimu. Majirani zake hawamchanganyi na muoi, yule anayeroga. Lakini kibuyu kikishafika kituo cha polisi hakina alama ya kuonyesha kilikuwa cha kuponya au cha kudhuru. Nia itathibitishwa kwa maneno ya mashahidi, na shahidi anaweza kuwa jirani mliyegombania mpaka wa shamba.

Hata hivyo singependa sheria hiyo ifutwe yote. Ndiyo hiyo hiyo inayofanya kuwa kosa kumtuhumu mtu uchawi, isipokuwa umeripoti kwa polisi, chifu au mamlaka nyingine inayostahili. Kwa bibi kizee anayeishi peke yake, kinga hiyo si ndogo.

Usajili una shida ya aina nyingine. Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inataka katiba iliyoandikwa, viongozi wenye vyeo na taarifa za kila mwaka. Kanisa lenye ofisi Nairobi hulimaliza hilo kwa karani mmoja. Ithembo lina mti, wazee na maziwa ya kumwaga chini; katibu hana kazi hapo. Mwaka 2014 serikali ilisitisha usajili wa makundi mapya ya dini. Kisha zikaja kanuni zilizowataka wahubiri wawe na vyeti vya theolojia, nazo zikaondolewa Januari 2016 baada ya makanisa kupiga kelele. Makanisa makubwa yana sauti ya kupiga kelele. Baada ya vifo vya Shakahola mwaka 2023, vya wafuasi wa mhubiri waliofunga hadi kufa njaa, vilivyopita 400, jopo lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi liliwasilisha ripoti yake Julai 2024, na hoja ya kudhibiti dini ikarudi mezani. Uchungu wa Shakahola unaeleweka. Lakini cheti cha theolojia hakimpimi mzee wa ithembo, na sidhani kingemzuia mhubiri aliyekusudia kuwalaza watu njaa.

Pagumu zaidi ni kwa Kavonokya, kundi la Kikristo lenye wafuasi upande wa Mwingi na Tharaka, lisilokubali dawa za hospitali wala chanjo. Mgonjwa wao huombewa tu. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa sindano, hata kama uamuzi huo unatuuma. Mtoto hana uamuzi huo. Kifungu cha 53 kinampa haki ya matibabu na kuyaweka maslahi yake mbele ya yote, na Kifungu cha 24 kinaruhusu uhuru wa mzazi upunguzwe, mradi upunguzwe kwa kiasi kinachohitajika tu.

Kiasi hicho ndicho kinachopotea chifu na polisi wanapolivamia boma na kumkamata kila waliyemkuta katika maombi. Mtoto mwenye surua apelekwe hospitali kwa amri ya mahakama, wazazi wakisikilizwa na afisa wa watoto akifuatilia. Waliobaki wakiimba hawajavunja sheria yoyote, na hawana sababu ya kulala seli ya Mwingi.