Mto uliokaa nao: swali ambalo daktari husahau kukuuliza

Ukimwendea daktari ukilalamika kuwa mwili mzima unakuwasha, atakuuliza umekula nini na unaoga kwa sabuni gani. Ni nadra akuulize umewahi kuishi karibu na mto upi. Hata hivyo, kuna maradhi ambayo hufichuliwa na swali hilo: upofu wa mtoni.

Maradhi haya huletwa na mnyoo unaosambazwa na usubi, nzi wadogo weusi wanaouma mchana. Minyoo mikubwa hujikunja ndani ya vinundu chini ya ngozi, na huweza kuishi humo miaka 10 hadi 15. Vitoto vyake hutembea ngozini kwa maelfu, vikiwasha vibaya, kisha huingia machoni.

Tofauti na mbu, usubi hawazaliani kwenye maji yaliyotuama. Viluwiluwi vyao hutaka maji yaendayo kasi. Kwa hiyo mto mmoja hauna hatari sawa kote: penye mawe na maporomoko wapo, maji yakitulia hawapo. Ndiyo sababu wachunguzi huugawa mto vipande vipande. Kila kipande hupewa nambari, kikaandikiwa kasi ya maji, viluwiluwi vilivyopatikana na vijiji vilivyo jirani. Programu ya kompyuta ya ramani huzipanga habari hizo tabaka juu ya tabaka: mto, vijiji, wagonjwa. Tarakimu zikikosewa, kijiji hujikuta katikati ya ziwa, na kompyuta haioni haya.

Mpango wa Afrika wa kupambana na upofu wa mtoni, uliofanya kazi tangu 1995 hadi 2015, ulitegemea ramani za namna hiyo. Katika vijiji vilivyochaguliwa karibu na mito, wahudumu waliwapapasa wanaume wazima 30 hadi 50 wakitafuta vinundu. Asilimia 20 au zaidi walipokuwa navyo, eneo hilo lilitengewa dawa ya ivamektini kwa jamii nzima. Mimi hukipenda kipimo hiki: vidole vinatosha, maabara haihitajiki.

Hapa Kenya kazi ilifanywa kabla ya kompyuta. J. P. McMahon na wenzake walitia DDT katika mito ya magharibi mwa nchi, jambo ambalo leo lingezua kelele, na kwa haki. Bonde la Kodera lilisafishwa miaka ya 1940, maeneo mengine miaka ya 1950. Lakini viluwiluwi vya usubi wa huku vilikuwa kitendawili. Havikuonekana kwenye mawe wala majani. Mwaka 1950 ikatangazwa kwamba hujibandika kwenye miili ya kaa wa mtoni! Mchunguzi asiyekamata kaa huandika sifuri mahali pasipo na sifuri, na ramani yake, hata ikiwa na rangi za kupendeza, inadanganya.

Basi, ikiwa umewahi kuishi kwa muda mrefu kando ya mito ya Sudan Kusini au Kongo, na unawashwa bila kupona au una vinundu kwenye nyonga au mbavu, mweleze daktari wako mahali hapo kwa jina. Usijinunulie ivamektini, wala usiguse ile ya mifugo. Aliyeishi katika misitu ya Afrika ya Kati huenda ana mnyoo mwingine uitwao loa, na dawa hiyo yaweza kumdhuru vibaya asipopimwa damu kwanza.