Daftari la majina ya kompyuta lakaribia kufungwa

Mfanyabiashara mwenye ghala Temeke na ofisi ya hesabu Kinondoni huenda hajawahi kusikia neno WINS, lakini ankara zake zinaweza kuwa zinapita humo kila siku. Microsoft imekwishatangaza kuwa Windows Server 2025 ndilo toleo la mwisho lenye huduma hiyo, na msaada wake utakoma Novemba 2034.

Kompyuta hutafutana kwa namba. Watu hukumbuka majina. Katika utaratibu wa NetBIOS, uliobuniwa mwaka 1983, kompyuta inayotafuta mashine iitwayo HESABU huliita jina hilo mtandaoni, na mwenye jina huitika. Mwito huo hauvuki ruta, hivyo ghala la Temeke haliwezi kuisikia Kinondoni. Ndipo ikaja WINS, pamoja na Windows NT 3.5 ya mwaka 1994: daftari moja ndani ya seva, ambamo kila mashine hujiandikisha. Windows 2000 ilihamia DNS, utaratibu uleule wa intaneti, lakini daftari la zamani halikufutwa.

Hatari kubwa iko kwenye ule mwito. Yeyote aliyechomeka kompyuta yake ofisini anaweza kuitika "ni mimi", na mashine ya karani ikamkabidhi nenosiri lililofichwa kwa hesabu, ambalo mtu mwenye subira, likiwa dhaifu, hulifumbua. LLMNR, mdogo wake NetBIOS, ina udhaifu huohuo. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayetunza taarifa za wateja azilinde.

Kuzima huduma hizi ni kazi ya dakika chache. Kazi hasa ni kujua nani bado anazitegemea: printa inayotuma nakala kwenye kompyuta, au programu ya uhasibu ya miaka mingi ambayo aliyeiweka hapatikani tena. Fundi aorodheshe majina yote yaliyomo kwenye WINS, ayaingize katika DNS, kisha azime NetBIOS kwenye kompyuta moja kwa wiki nzima na kuona kinachokwama. Seva ya Windows ina DNS tayari, hailipiwi leseni nyingine. Anayeshauriwa kununua seva mpya kwa sababu hii pekee aulize maswali.

Ritani ya VAT hutakiwa tarehe 20 ya kila mwezi. Zoezi lianze tarehe 21.